Aliyeifua Sindano ya Shaba: Kuumba Mhusika Mpya na Kuchanganya Visasili katika Bunilizi za Mashabiki

Utangulizi

Katika Utendi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, shujaa hafi vitani. Anauawa na mwanawe wa kumzaa, kwa sindano ya shaba anayodungwa kitovuni akiwa usingizini. Utendi unaeleza jinsi mfalme wa Pate alivyomrubuni kijana huyo kwa ahadi ya cheo na ya kuozwa binti wa mfalme, jinsi kijana alivyomsaili babake siri ya mauti yake, na jinsi baba, ijapokuwa alishuku kwamba mwanawe ametumwa, alivyomjibu. Fundi aliyeifua sindano hiyo hapewi jina wala sauti.

Kuuliza habari za fundi huyo kunaweza kuonekana kama mchezo wa watoto. Hata hivyo, ni maswali ya namna hii yanayozaa bunilizi za mashabiki, yaani kazi anazotunga msomaji aliyependezwa na kazi iliyotangulia, akiazima wahusika, mandhari na kanuni za ulimwengu wake ili asimulie yale yasiyosimuliwa. Nchini Marekani, mashabiki wa mfululizo wa televisheni wa Star Trek walianza kutoa majarida yao wenyewe mwaka 1967. Mtandao wa FanFiction.Net ulianzishwa mwaka 1998, nao Archive of Our Own ukafunguliwa kwa umma mwaka 2009. Kutokana na historia hiyo, baadhi ya watu huzichukulia bunilizi hizi kuwa zao la intaneti na la vijana wa ng'ambo. Dhana hiyo haina mashiko kwa mtu aliyeisoma fasihi ya Kiswahili.

Mtunzi wa takhmisi huchukua mistari miwili ya mtunzi mwingine, akaitangulizia mitatu yake inayooana nayo kwa vina na mizani, kisha akamwachia mwenye asili kuufunga ubeti. Takhmisi ya Liyongo, ambayo kwa kawaida hunasibishwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, imejengwa namna hiyo juu ya maneno yanayosemekana kuwa ya Liyongo mwenyewe. Edward Steere aliichapisha katika Swahili Tales mwaka 1870. Katika kila ubeti wa mistari mitano, mitatu ni ya shabiki, na bado hakuna anayedai kwamba shairi limeibwa. Mgeni amezungumza kwa kirefu, lakini amezungumza kwa mizani ya mwenyeji, na neno la mwisho si lake. Makala haya yanachukua adabu hiyo ya takhmisi kuwa kipimo cha mambo mawili yanayowatatiza watunzi chipukizi: kumwingiza mhusika asiyekuwamo katika kisa cha asili, na kukichanganya kisa hicho na visasili vya jamii nyingine.

Mhusika mpya hutoka wapi?

Wako wahusika ambao kisa cha asili kimewataja bila kuwasemesha vya kutosha. Katika kisa cha Liyongo yupo Saada, kijakazi anayepeleka chakula gerezani na kurudi na ujumbe uliofichwa ndani ya wimbo. Yupo mke ambaye Liyongo aliozwa kutoka kwa watu wanaoitwa Wagala katika utendi. Yupo pia binti wa mfalme, anayeahidiwa muuaji kama malipo. Mtunzi anayewapa hawa sauti haumbi mtu mpya, bali anamgeuza aliyekuwa kivuli akawa mwili. Jean Rhys alifanya hivyo mwaka 1966 katika Wide Sargasso Sea, alipomtoa darini mke mwendawazimu wa riwaya ya Jane Eyre ya mwaka 1847 na kumpa utoto, nchi na jina jingine.

Mhusika mpya halisi ni yule ambaye kisa cha asili hakimjui kabisa. Huyu ndiye anayewashinda wengi, na namna wanavyoshindwa haitofautiani sana. Mwaka 1973 Paula Smith aliandika kisa kifupi cha kuwacheka mashabiki wenzake. Mhusika wake, Luteni Mary Sue, ana umri wa miaka kumi na mitano na nusu, ndiye luteni mdogo kuliko wote, anapendwa na kila mtu, anaweza kila kitu, na anapokufa wakubwa wote wanamlilia. Tangu hapo jina hilo limekuwa la kila mhusika mgeni ambaye mtunzi amemsheheneza sifa alizotamani kuwa nazo yeye mwenyewe.

Mary Sue wa Kiswahili si vigumu kumwazia. Ni binamu wa Liyongo, tuseme, mwenye nguvu kumshinda Liyongo na mashairi matamu kuliko yake, ambaye anagundua njama ya mfalme na kukimbia usiku kucha kupitia msituni ili amwonye. Kosa la binamu huyu haliko katika nguvu zake pekee. Katika utendi Liyongo hakukosa mtu wa kumwonya, kwani alikwisha kushuku mwenyewe. Aliitoa siri yake huku akimtazama mwanawe machoni, na humo ndimo uzito wote wa kisa ulimo. Binamu anayekuja mbio kumpasha habari anamfanya baba aliyependa kupita kiasi aonekane mjinga aliyekosa taarifa. Anaziba mahali ambapo hapakuwa na tundu.

Mhusika mpya anastahili kutoka katika pengo la kweli, na sindano ya shaba ni pengo la kweli. Kitu kipo, kimefanya kazi kubwa kuliko kitu kingine chochote katika kisa, nacho hakikuota mtini. Ufundi wa madini nao si jambo la kupachikwa katika mazingira hayo: siwa ya Lamu ni ya shaba, ile ya Pate ni ya pembe ya ndovu, na zote mbili ni ushahidi wa mafundi ambao majina yao hayatajwi panaposimuliwa habari za wafalme waliopulizwa kwa siwa hizo.

Binti wa mhunzi

Mtunzi na ajaribu basi kumwumba mhusika huyo. Ni binti wa mhunzi anayeishi pembezoni mwa mji wa Pate, naye ndiye avutaye mivukuto tangu macho ya babake yalipofifia. Aitwe Mwana Zena. Watunzi wengi wangeanza na urembo wake, rangi ya macho na urefu wa nywele, na wangetumia kurasa mbili kabla hajafanya lolote. Heri kuanza na anachokijua. Anajua kwamba shaba haifuati tabia ya chuma. Chuma cha pua kilichopashwa moto kikatumbukizwa majini huwa kigumu. Shaba ikipashwa moto hulainika, na ugumu wake hutokana na kugongwa. Sindano ya kupenya mwili wa mtu haiwezi basi kumaliziwa motoni. Humaliziwa kwenye fuawe, baridi, kwa vipigo vidogovidogo vingi.

Ujuzi huo unamleta mhusika katika kisa bila kumsukuma mtu pembeni. Mjumbe wa mfalme anakuja na kuagiza sindano. Mhunzi mzee hasemi neno. Binti anaona kwamba ni ndefu kuliko ya kushonea nguo na nyembamba kuliko ya kushonea tanga, na kwamba mwenye kuiagiza hakutaka iwe na tundu la uzi. Anayeifua hawezi kujidanganya kuhusu matumizi ya sindano isiyo na tundu. Maneno ya mjumbe hayana haja ya kuwa mengi, wala mtunzi hana haja ya kueleza hofu ya binti. Idadi ya vipigo vya nyundo inatosha.

Hapo ndipo kishawishi kinapomjia mtunzi: binti aiharibu sindano. Ailainishe motoni kwa siri ili ipinde inapogusa ngozi, Liyongo apone, na kisa kiishe kwa furaha. Kazi hiyo inaweza kuwa tamu, lakini imetoka katika mizani. Katika takhmisi mistari ya mwisho ni ya mwenye asili, na mstari wa mwisho wa Liyongo ni kufa. Mhusika mpya ana uhuru wa kutenda, lakini uhuru huo umezungukwa na yale yaliyokwisha kutukia. Swali linalomfaa mtunzi si jinsi binti atakavyomwokoa shujaa, bali ni nini kitakachompata binti kwa kuwa hakumwokoa.

Utendi wenyewe unatoa jibu, na inashangaza jinsi jibu hilo lilivyo karibu. Baada ya kudungwa, Liyongo anaamka, anachukua uta na mishale, anakwenda kisimani, anapiga goti na kutia mshale katika uta. Anakufa katika hali hiyo. Watu wa mji, wakidhani yu hai na ameghadhibika, hawathubutu kwenda kuteka maji. Mama yake, Mbwasho, anakwenda kumbembeleza na hajibiwi. Mji unashikwa na kiu hadi mwili unapoanguka na watu kutambua kwamba walikuwa wakiiogopa maiti.

Katika mji huo mzima wenye kiu, nani anayejua kwamba shujaa amekwisha kufa? Mfalme hana hakika, na mwana ametoroka mahali pa tukio. Binti wa mhunzi anajua. Aliigonga sindano ile mpaka ikawa haiwezi kupinda. Anajua kazi ya mkono wake. Anaweza kuchukua mtungi mchana kweupe, apite mbele ya uta uliovutwa, ateke maji, arudi. Watoto wa jirani wanalia kwa kiu. Lakini mtu wa kwanza kukikaribia kisima bila hofu atakuwa amewaambia watu wote kwamba alijua. Babake naye anahitaji maji. Hapo mhusika mpya amepata tatizo ambalo ni lake peke yake, halikuwamo katika kisa, na limetokana na kila kilichomo katika kisa. Akienda kisimani au asiende, hakuna mstari mmoja wa Kijumwa utakaobadilika.

Kuchanganya visasili

Wanafunzi wa fasihi simulizi hufundishwa kuitofautisha mighani na kisasili. Mighani husimulia habari za mashujaa wanaoaminika kuwa waliishi, nayo ndiyo hadhi ya kisa cha Liyongo. Kisasili hueleza asili ya mambo na uhusiano wa binadamu na nguvu zilizo juu yake. Mtunzi anapotaka kuchanganya, kwa kawaida anachukua mighani kama kiunzi na kuleta kisasili kutoka kwingine. Mashaka huanza katika kuleta huko.

Namna rahisi zaidi ni kuchukua kinachofanana. Liyongo ana mahali pamoja tu panapoweza kumuua. Achilles wa Wayunani alikuwa na kisigino. Lwanda Magere wa Waluo mwili wake ulikuwa kama jiwe na udhaifu wake ulikuwa katika kivuli. Mtunzi anayeona mfanano huu hufurahi akadhani amekwisha kupata mchanganyiko, akamkutanisha Liyongo na Magere wapigane bega kwa bega. Lakini visa viwili vyenye uti mmoja wa mgongo vikiunganishwa havizai kitu cha tatu. Kimoja hukimeza kingine.

Katika kisa cha Magere siri inatolewa na mke aliyetoka kwa maadui, Lang'o. Katika kisa cha Liyongo siri inatolewa na baba mwenyewe kwa mwanawe. Mtunzi akiyachanganya haya bila kufikiri, mke wa Liyongo ndiye atakayegeuka msaliti. Ni mgeni, ametoka kwa watu wengine, na msomaji amekwisha kumzoea mwanamke wa aina hiyo tangu kwa Delila wa Biblia. Kwa hatua moja usaliti wa nyumbani, uliopangwa katika jumba la mfalme na kutekelezwa na damu ya Liyongo mwenyewe, umehamishiwa kwa jirani.

Hilo si kosa la kisanaa tu. Wagala wa utendi ni Waoromo, na jina hilo la zamani wenyewe hawalipendi. Jamaa zao wa karibu na pwani ya Kenya ni Waorma, wanaoishi na Wapokomo katika Delta ya Tana, sehemu zilezile za Ozi na Kipini ambako mapokeo yanamweka Liyongo na kaburi lake. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa huko katika mapigano baina ya jamii hizo, chanzo kikiwa ardhi, malisho na maji. Mwandishi atakayetunga leo kisa ambamo mwanamke wa Kiorma anauza uhai wa mumewe, watu wakikosa maji kisimani, atakuwa ametia neno katika ugomvi wa watu walio hai. Pengine anayo sababu ya kulitia. Ni lazima basi aijue.

Namna ya pili ni ngumu zaidi na ina faida kubwa zaidi. Ni kukileta kisasili pamoja na mwiko wake. Waoromo wa imani ya asili humwamini Waaqa, Mungu ambaye jina lake ni jina la mbingu pia, na mti wa odaa, aina ya mkuyu, una heshima ya pekee kwao kwa kuwa mikutano mikubwa na sheria zilifanyiwa kivulini mwake. Mtunzi anaweza kumtajia msomaji mti huo kama pambo la mandhari, na msomaji atausahau baada ya aya moja. Mti huo unabeba uzito pale tu unapomzuia mtu kufanya jambo. Kama mama wa kijana ni Muoromo, na kama kijana amefundishwa na wajomba zake kwamba maneno yanayosemwa chini ya odaa hayachezewi, basi inafaa mtunzi ajiulize ni wapi kijana alipomuuliza babake siri ya mauti. Akiuliza chini ya mti huo, amevunja sheria mbili kwa pumzi moja. Akikwepa kuuliza hapo, akangoja wafike mahali pasipo na mti, msomaji ameuona moyo wake bila kuambiwa.

Yako yanayomhusu binti wa mhunzi pia. Miongoni mwa Waoromo wahunzi, wanaoitwa tumtu, walikuwa kundi lililotengwa, watu wengine wasioe kwao wala wasiwaoze. Wagikuyu nao waliiogopa laana ya mhunzi. Mambo haya mawili yanakaribiana lakini si kitu kimoja: kutengwa ni hukumu ya jamii juu ya fundi, laana ni uwezo wa fundi juu ya jamii. Mtunzi mwenye haraka atayamimina yote katika chungu kimoja na kumpa Mwana Zena uwezo wa kulaani. Hapo amemrudisha Mary Sue kwa mlango wa nyuma. Kumfanya babake awe tumtu aliyehamia Pate kunaleta manufaa makubwa zaidi, kwa maana sasa binti ni mtu wa watu wa mke wa Liyongo, na wakati huohuo ni mtu ambaye mke huyo asingekula naye. Wanawake hao wawili wakikutana kando ya mji wenye kiu, mmoja akiwa na siri na mwingine akiwa na msiba, hawahitaji jini wala mzimu.

Yaliyokwisha kufanywa, na mipaka ya sheria

Mwanafunzi asidhani kwamba mabadiliko haya ni utundu usiovumilika. Katika tamthilia ya Kifo Kisimani, iliyotoka mwaka 2001, Kithaka wa Mberia alikichukua kifo cha kisimani na kukihamishia katika nchi ya kubuni ya Butangi, chini ya Mtemi Bokono. Shujaa, Mwelusi, anauawa na ndugu yake, Gege, badala ya mwana. Badiliko hilo moja linauhamisha mzigo wote. Usaliti wa mwana ni msiba wa ukoo, usaliti wa ndugu wa rika moja ni swali la siasa: nani alisimama na watu na nani aliuzwa? Wanafunzi wengi wa sekondari waliisoma tamthilia hiyo kama kitabu cha kutahiniwa.

Kuhusu sheria, ni vyema kutaja kwa ufupi. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi ya fasihi hulindwa kwa miaka 50 baada ya mwaka wa kufa mtunzi. Kijumwa alifariki mwaka 1945, hivyo utendi wake uko huru. Butangi, Bokono na Gege bado wana mwenyewe, na anayetaka kuwatumia katika kitabu cha kuuzwa hana budi kuomba ruhusa. Masimulizi ya jadi nayo yana sheria yake, ya mwaka 2016, inayozitambua jamii kuwa wenye sanaa na maarifa zilizoyarithi.

Zoezi

Kwa anayetaka kujaribu mkono wake, kisa cha Liyongo kina mapengo mengine. Liyongo alikata minyororo yake gerezani kwa tupa iliyofichwa katika mkate wa makapi, walinzi walioudharau wakala ule mzuri, huku kelele za upatu na ngoma ya gungu zikizima sauti ya tupa. Nani aliyekuwa akipiga upatu? Alisikia nini baina ya pigo na pigo, na kwa nini hakunyamaza? Mtunzi amwandikie mpigaji huyo kurasa nne, bila kumruhusu kumgusa Liyongo, bila kumfanya jasiri, na bila kuongeza neno lolote katika wimbo uliotoka gerezani.